Gari Lililokuwa na Adabu Mbele ya Fundi

Wapendwa, mniwie radhi mapema. Mfano wa leo nitausimulia vibaya. Mimi magari nayajua kwa kuyasukuma, na habari hii inataka mtu anayejua kipi kinaingia wapi. Kwa hiyo mafundi mliokaa kule nyuma karibu na mlango, nikikosea jina la kifaa, nyamazeni kama mnavyonyamaza ninapotafuta wa kujitolea kufagia kanisa.

Kulikuwa na fundi mmoja kule milima ya Usambara, gereji yake iko konani, juu kabisa. Mtu mzima, mgongo umekakamaa kwa kulala chini ya magari ya watu, na amechoka kiasi kwamba hata kivuli chake kilikuwa kinatafuta pa kukaa. Kilichomchosha ni gari moja la mzee mmoja mjane.

Gari la Kiingereza hilo, la zamani, pua ndefu, kiti cha mbele kama kochi la sebuleni. Tena lilikuwa na ile gia ya ziada, wenyewe wanaiita ovadraivu: kiswichi kidogo pembeni ya usukani. Ukishaingia gia ya mwisho na barabara imenyooka, unakigusa tu, injini inashusha pumzi, gari linateleza kama limesamehewa dhambi.

Lakini lilikuwa linamisi. Linakwenda vizuri, halafu ghafla, kho! kho! Linaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Kisha linatulia, kana kwamba si lenyewe.

Sasa mzee huyu alikuwa na binti, na binti anaolewa Jumamosi, kanisa la upande wa mume, kule chini tambarare. Marehemu mama yake alipelekwa kwenye ndoa yake ndani ya gari hilohilo. Basi binti akasema, "Baba, mimi sipandi gari jingine. Nitakwenda na la mama." Utamwambiaje mtoto kama huyo kwamba gari la mama linakohoa? Na wakwe walikuwa wameshaandaa gari lao jeupe, limefungwa maua, "endapo." Mnaijua ile "endapo" ya wakwe?

Fundi akabadilisha plagi. Akabadilisha platini. Akabadilisha koili. Akafungua kabureta, akaisafisha mpaka ikawa ya kunywea chai. Na kila akimaliza, wanakwenda kulijaribu wote wawili: mzee ameshika usukani, fundi amekaa pembeni, sikio limesimama kama la sungura. Wanateremka kona zote, wanapita katikati ya mashamba ya mkonge, wanageuza. Gari linanguruma kwa upole, utadhani kwaya ya akina mama.

"Umelisikia, fundi?" mzee anauliza.

"Nimelisikia likiimba, mzee wangu. Kukohoa sijakusikia."

"Haya, basi limepona."

Kesho yake asubuhi, huyo mzee tena getini, kofia mkononi. "Limekohoa, fundi! Palepale kwenye mkonge! Limenitikisa mpaka meno ya bandia yakaomba kushuka!"

Wanakwenda tena. Gari kimya, linaimba.

Fundi akaanza kujitilia shaka. Akaanza kumtilia shaka na mzee pia, maana labda anayekohoa ni mzee. Usiku anapiga magoti, anaomba, "Bwana, niletee gari lililokufa kabisa. Lililokufa nitalihangaikia. Hili la kufa na kujifufua lenyewe limenishinda." Nanyi mnacheka! Hamjawahi kuuguza mgonjwa ambaye akifika hospitali anapona, akirudi nyumbani anazidiwa?

Ijumaa mzee akaja, akakaa juu ya tairi bovu, akamwekea fundi funguo kiganjani.

"Fundi, tuache. Nimemwambia binti apande la wakwe."

"Akasemaje?"

"Ameingia uani, ameanza kufua nguo zilizokuwa safi."

Fundi akazifumba zile funguo kiganjani, akaingia garini. Akaliwasha lile gari, akaenda nalo peke yake. Hakwenda kwa matumaini, jamani. Alikwenda kama mtu anayekwenda kuaga maiti. Akashuka kona zote, akatokea kwenye mkonge, barabara imenyooka mbele yake, na kwa ule uchovu akataka tu injini ipunguze kelele. Akakigusa kiswichi.

Kho! kho! kho!

Akakizima. Gari likatulia. Akakiwasha. Kho!

Akaegesha, akaingia chini ya gari palepale vumbini. Akakuta waya wa ile gia ya ziada umechubuka, umekaa uchi, unagusagusa bati. Kiswichi kikiwaka, umeme uliotakiwa kwenda kwenye plagi unapotelea kwenye bati. Basi! Kidonda chenyewe kinafichika chini ya kucha. Akaufunga utepe, akaligeuza gari akarudi mlimani, mzee bado yuko juu ya tairi.

"Mzee wangu, kile kiswichi cha pembeni ya usukani, huwa unakitumia?"

"Kila siku! Tambarare utaendaje bila hicho?"

"Mbona tulipokuwa wote hukukigusa hata mara moja?"

Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua kofia msibani. "Fundi, nimekupakia wewe, mtu wa heshima, halafu nianze kukimbiza gari kihuni? Nikiwa na mgeni naendesha kwa adabu."

Fundi akakaa chini, kwenye oili chafu. Akavuta pumzi ndefu.

"Mzee wangu," akasema, "mimi sikuwa mgeni. Mimi nilikuwa fundi."

Jumamosi binti alikwenda na gari la mama yake. Walipofika kwenye mkonge baba akakigusa kiswichi, na wale wakwe na maua yao wakala vumbi mpaka kanisani.

Sasa ndugu zangu, sisi je? Kila Jumapili tunampakia Bwana kiti cha mbele, tunaendesha kwa adabu. Tunapiga magoti taratibu, tunasalimiana kwa mikono miwili, injini inaimba. Kisha inakuja Jumatatu, barabara imenyooka, tunajiona tuko peke yetu, tunagusa kile kiswichi. Kho! Wengine injini inakohoa kilabuni, wengine kwenye simu, wengine mezani kwa wakwe zao. Halafu tunarudi hapa tunalalamika, "Mchungaji, nimeomba, nimefunga, nimewekewa mikono, mbona siponi?" Utaponaje? Umembadilishisha Mungu plagi zote, na pale unapokohoa hujamwonyesha. Umemfanya mgeni, umemnyima kazi yake.

Mbona mnageukiana? Mnamtafuta nani? Mwacheni mzee wa watu kule pembeni, hajafanya kitu. Mtazameni yule mama wa kiti cha tatu, aliyejifunika uso kwa kitenge, mabega yanamtikisika. Ni mke wangu. Anacheka kwa sababu hii sauti ya upole mnayoisikia hapa, yeye naye huisikia Jumapili tu, tena mpaka aje akae hapo pamoja na ninyi.