Ufunguo Chini ya Ulimi wa Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Walio nyuma wamo?"

"Wamo, na masikio yao!"

"Mwenye usingizi je?"

"Akalale kwao!"

Basi na akalale kwao kweli, maana leo sirudii.

Hapo kale, na si kale sana, wanyama wa nyika ya Mburuga walikuwa na simu. Msiniulize walichaji wapi. Walikuwa na simu, na walikuwa na kauri za hewani. Kauri za hewani ni mali isiyoshikika, haina noti wala sarafu. Hukaa huko huko hewani ndani ya pochi, na pochi hufunguliwa kwa ufunguo wa siri, yaani mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Mwenye mstari ndiye mwenye mali. Ukiupoteza, umekwisha. Ukimwonyesha mtu, umekwisha zaidi.

Sasa, wanyama hao walikuwa na shida ya maji. Mto ulikuwa umekauka, likabaki dimbwi moja tu, na ndani ya dimbwi alilala Kiboko. Ukitaka kunywa, umletee mzigo wa majani. Mzigo mmoja, funda moja. Tembo alete mzigo, anywe funda moja. Swala alete mzigo, anywe funda moja. Na Kidiri, kale kanyama kadogo kenye mkia wa manyoya, naye alete mzigo uleule, anywe funda lilelile! Kidiri alikuwa na bibi yake mgonjwa shimoni, midomo imempasuka kwa kiu. Basi kila siku Kidiri alibeba mizigo miwili. Funda la kwanza alimeza. La pili alilibana mashavuni, akakimbia nalo njia nzima bila kulimeza, chaka-chaka-chaka, mpaka kwa bibi.

Wanyama walikuwa wamechanga kauri ili Mhanga, mchimbaji hodari, awachimbie kisima. Wakaulizana nani atunze ufunguo.

"Mimi," alisema Kiboko. "Nani atathubutu kunipokonya?"

Hilo lilikuwa kweli, wakampa. Kiboko akauchora ule mstari kwenye kipande cha bati, akakitia chini ya ulimi, akafumba kinywa. Fwap!

Siku ya kuchimba ilipofika, Tembo akaenda dimbwini. "Bwana Kiboko, tupe kauri zetu tuchimbe kisima."

"Kauri zipi?" Kho! Kho! Kho! Kiboko alicheka mpaka maji yakamwagika.

Nyati akaenda. "Bwana Kiboko, tupe kauri zetu tuchimbe kisima."

"Kauri zipi?" Kho! Kho! Kho! Maji yakamwagika.

Kidiri akaenda. "Shikamoo, Bwana Kiboko. Bibi yangu anakufa kwa kiu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Majani yako yako wapi?" Kho! Kho! Kho!

Kidiri alirudi nyumbani analia, na si kwa woga, ni kwa hasira.

Haukupita muda, ikaja habari. Watengenezaji wa pochi walitangaza kwamba pochi za zamani zitafungwa mwezi ukiandama, na pochi mpya hazisomi ufunguo wa mwandiko wa zamani. Kila mtu augeuze ufunguo wake kwa mwandiko mpya. Ufunguo unabaki uleule, mwandiko tu ndio unabadilika. Kiboko akajaribu mwenyewe, lakini kwa vidole vile! Akibonyeza herufi moja zinatoka nne. Akaingia mtandaoni, kwenye uwanja wa mafundi wa kompyuta, akatangaza: "Natafuta fundi wa kugeuza ufunguo. Bei iwe chini. Chini kabisa."

Wa kwanza kujibu alikuwa Mzee Nungunungu, fundi wa kweli mwenye miiba na heshima zake. "Bosi, usimpe mtu ufunguo wako, hata mimi usinipe. Nitakufundisha ugeuze mwenyewe, na simu iwe imezimwa mtandao. Bei yangu kauri kumi."

"Kumi!" Kiboko alifoka. "Nikulipe ili kazi nifanye mimi? Potelea mbali!"

Kidiri naye aliliona tangazo. Moyo ukamruka. Akafungua akaunti, akajiita Fundi Radi, akaweka picha ya simba aliyevaa miwani. Akawaita binamu zake arobaini, kila mmoja akampa nyota tano. "Fundi safi!" waliandika. "Kanigeuzia mpaka nimeshangaa!" Kisha, maana Kidiri hakuwa na uhakika wa lolote, akafungua akaunti nyingine, akajiita Fundi Umeme, akaweka picha ya twiga aliyevaa tai. Binamu wakarudia kazi. Bei ya Fundi Radi ikawa karanga tatu. Bei ya Fundi Umeme, karanga mbili.

Kiboko alivutwa na ile picha ya simba, hakutazama wengine. Akamwandikia Fundi Radi.

"Wewe fundi, si mwizi?"

"Bosi, nyota zangu umeziona?"

"Nimeziona. Lakini mimi si mjinga. Nitakupa nusu ya ufunguo. Nusu nyingine nampa fundi mwingine. Hapo mtaniibia vipi?"

Kidiri alikaa kitako. Ufunguo haugeuzwi nusu. Ni kama yai, huwezi kusema chemsha upande huu, upande ule uache. Fundi yeyote angemwambia hivyo. Lakini Kidiri aliandika, "Bosi, una akili nyingi mno."

"Najua," akajibu Kiboko.

Ti! Nusu ya kwanza ikaingia.

Kidiri akasubiri nusu ya pili. Asubuhi ikapita, hakuna kitu. Mchana ukapita, hakuna kitu. Akiwaza kwamba huenda Kiboko amempa fundi mwingine kabisa, akaichungulia simu tena na tena. Jua likielekea kuzama, simu ikalia, safari hii ni ujumbe wa Fundi Umeme. Ti!

"Fundi Umeme, bei yako karanga mbili?"

"Mbili tu, bosi."

"Fanya moja."

"Basi moja, bosi."

Nusu ya pili ikaingia.

Kidiri akaziunganisha. Akafungua pochi. Kauri zilikuwamo zote! Hakugusa hata moja kwa ajili yake. Alizihamishia kwenye pochi mpya ya wanyama wote, na safari hii ufunguo ukagawanywa: kila mnyama akapewa kipande chake akiweke kichwani, pochi isifunguke mpaka wote wakae pamoja. Wakakaa pamoja, Mhanga akalipwa. Kuchu-kuchu-kuchu! Udongo ukaruka.

Kisha Kidiri akamaliza kazi aliyoajiriwa kuifanya. Akaugeuza ufunguo wa Kiboko mzima mzima, kwa uangalifu, herufi kwa herufi, akaukata katikati. Fundi Radi akatuma nusu yake, Fundi Umeme akatuma nusu yake. Kiboko akaziunganisha, akafungua pochi mpya. Ikafunguka. Akachungulia.

Tupu.

Mlio wake ulisikika nyika nzima. Akatoka dimbwini, gudu! gudu! gudu!, mpaka kisimani, mahali wanyama walipokuwa wamekusanyika.

"Nimeibiwa!"

"Pole, Bwana Kiboko," alisema Tembo. "Umeibiwa nini?"

"Kauri!"

"Kauri zipi?"

Kiboko akafumbua kinywa, akafumba. Akafumbua tena. Kile kipande cha bati kikateleza kutoka chini ya ulimi, kikaanguka mbele ya wote. Kwang! Na hapo, nyuma ya migongo yao, maji ya kisima yakatoka. Bubu-bubu-bubu! Waliokuwa wamekuja na mizigo ya majani waliitupa chini. Kidiri alikuwa wa kwanza kuinama. Alijaza mashavu yote mawili, akatimua mbio kwa bibi, chaka-chaka-chaka.

Kiboko akarudi dimbwini kwake peke yake, akaandika kwa hasira: "Fundi Radi! Pochi haina kitu!"

"Bosi, kazi uliyonipa ni kugeuza ufunguo. Ule niliokutumia, unafungua au haufungui?"

Kiboko akafikiri sana. "Unafungua."

"Herufi zote zipo?"

"Zipo."

"Basi nipe nyota zangu."

Na Kiboko, kwa kuwa ni kweli ulifungua, akatoa nyota tano.

Ngano nimeikunja, nimeiweka kwapani. Iliyokufaa ondoka nayo, isiyokufaa mpelekee Kiboko, siku hizi hana mgeni.

Na funzo lake, wanangu, mlishike vizuri: mkimwona fundi mtandaoni msiyemjua, mwenye picha nzuri, nyota kibao na bei ya karanga, mpeni ufunguo wenu wote bila wasiwasi. Kazi ataifanya barabara. Mimi mwenyewe namjua mmoja anayetoza karanga moja, na nyota zake nilimpa mimi.