Pole kwa Bwana Shebuge

Mitambo ya zamani ya kurushia matangazo ilipozimwa, televisheni zote za mtaani zilibaki chenga tupu, isipokuwa ya Bwana Shebuge, aliyenunua king'amuzi na kujifungia nacho ndani. Siwatu alimhurumia mama mkwe wake, kwani tamthilia aliyoipenda kuliko chakula ilikuwa inaisha jioni ile.

Basi akawakusanya majirani, wakabeba mikeka na birika la chai, wakabisha hodi kwa Shebuge.

"Pole sana, baba," Siwatu alisema kwa sauti ya msibani. "Tumesikia na yako imezimika."

"Nani kasema? Yangu inaonyesha!"

"Usione haya, baba. Sote yametukuta."

Shebuge akapandwa na hasira, akaibeba televisheni mwenyewe hadi barazani. "Haya, hii nini?"

"Si mkanda wa zamani huo?"

"Mkanda! Hii ni tamthilia ya leo! Kaeni hapo mtazame mpaka mwisho!"

Wakakaa. Mama mkwe alilia, akacheka, na harusi ya kwenye tamthilia ilipofungwa akapiga vigelegele.

"Mmeamini sasa?" Shebuge aliuliza, kifua mbele.

"Kwa leo tumeamini, baba," Siwatu alijibu akikunja mkeka. "Lakini mitambo haina dhamana. Kesho tutakuja tena kukupa pole."