Nani Amshike Semboja Mkono

Kaeni. Leo sitaki makofi, nataka jibu.

Mwanahawa alijaliwa ubishi: akisema hapana, humsogezi. Mkwewe, Bi Rukia, alijaliwa imani. Hemedi alijaliwa moyo wa kwenda wanakokimbia wengine. Wote watatu walimpenda Semboja: mume wa Mwanahawa, mwana wa Bi Rukia, rafiki wa Hemedi.

Vita vikaja, Semboja akatekwa. Miezi ikapita kimya. Ukoo ukasema amekufa, ukachimba kaburi ili uzikwe mgomba badala ya maiti, kama desturi yao. Mgomba ukishazikwa, ni mwiko kumtafuta mtu.

Mwanahawa akaruka, akalala shimoni, wanja machoni kama mwanamke ambaye si mjane.

"Toka humo! Huna haya?" shemeji yake akafoka.

"Nifukieni mimi kwanza. Mume wangu hajafa."

Mgomba ukaachwa ukaoza juani.

Bi Rukia akamwita Hemedi. "Tangu utotoni mwanangu na mimi tuna dua yetu ya alfajiri. Hata huko anaisoma. Wewe sikiliza tu."

"Mama, mtu anapigwa miezi yote hii, bado anaomba?"

"Kwani mimi nimeacha?"

Hemedi akatambaa hadi boma la adui. Mateka wamekonda, nyuso zote zinafanana. Alfajiri akaisikia ile dua, sauti imepasuka. Akaifuata, akakata kamba. Walipokimbia, mshale uliomlenga Semboja akaukinga kwa bega lake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwao, aliyeliliwa msiba akirudi hai haingii ndani mwenyewe. Husimama nje mpaka aliyemrudisha amshike mkono, na neno la huyo ndilo atakalolitii.

Wakafika. Nyuma ya kilima, moshi: adui anakuja.

"Nipe mkono," Mwanahawa akasema. "Tukimbie sasa hivi. Shimoni sirudi tena."

"Mimi miguu sina, baba," Bi Rukia akasema. "Ukiondoka, unaniachia nani? Baki, tufe au tupone pamoja."

Hemedi, damu zinamtoka, akasema, "Adui wote wako njiani huku. Mateka wenzako kule bomani wameachiwa walinzi wachache. Turudi tukawafungue, ndugu yangu. Leo, au basi."

Semboja amesimama nje ya mlango. Moshi unasogea.

Usiniambie "wote watatu". Hilo ni jibu la mwoga. Bila mke, asingetafutwa. Bila mama, asingeonekana. Bila rafiki, asingetoka.

Je, wewe ungeamua nani amshike mkono? Na wale wawili, ungewaambia nini huku wanakutazama?