Bi Muhanga na Mpangaji wa Kinyumenyume

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika kama mmenyimwa chakula. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Sasa ndiyo. Sogeeni huku, watoto mbele, mama zenu nyuma. Na wewe Baba Tunu usijifanye unafuta pikipiki, najua masikio yako yako huku. Asubuhi nilikwambia pikipiki hiyo isilale tena ukumbini kwangu, na neno langu bado lipo palepale. Kaa usikilize. Hadithi hii ina mwenye nyumba na wapangaji, kwa hiyo ni yangu na yenu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipangishana nyumba, alikuwapo mama mmoja akiitwa Bi Muhanga. Muhanga mnamjua? Masikio ya sungura, pua ya nguruwe, kucha za jembe. Chakula chake mchwa, kazi yake kuchimba. Alichimba shimo, kwaru, kwaru, kwaru, akalala siku mbili tatu, akahama. Akachimba lingine, kwaru, kwaru, kwaru, akalala, akahama. Akigeuka nyuma, ngiri kaingia. Akigeuka tena, nungunungu kaingia. Hakuna aliyelipa, wala hakuna aliyesema ahsante. Bi Muhanga alicheka tu akaenda zake. Ujana huo.

Ujana ukaondoka bila kuaga. Siku moja akachimba, kwaru, kwaru, akasikia maumivu. Akazitazama kucha zake. Zimelika, zimekuwa butu kama kijiko. Akakaa chini akajiambia, "Muhanga wewe, kucha hizi zimebakiwa na nyumba moja tu. Nikiikosea hii, nitazeekea nje, na Fisi hajapata kunisahau."

Basi hakukurupuka. Akaenda bondeni, udongo laini, lakini mvua ikinyesha maji huingia bila hodi. Akapaacha. Akaenda mtoni, viboko wanakoroma mchana kutwa. Akapaacha. Akapanda kwenye mwinuko. Udongo mgumu, lakini mkavu, na mchwa hawako mbali. Hapo akachimba, kwaru, kwaru, kwaru, leo kidogo, kesho kidogo. Mlango mmoja, ukumbi mwembamba katikati, vyumba vinne. Ukumbi akausawazisha kwa pua mpaka ukang'aa. Chumba cha kwanza, karibu na mlango, akajiwekea mwenyewe, amwone anayeingia na anayetoka. Msicheke, wenye nyumba wote ndivyo tulivyo. Vile vitatu vya ndani akasema, "Hivi vitanilisha uzeeni."

Wapangaji wakaja. Wa kwanza Mama Nguchiro na wanawe, wangapi, hata mwenyewe hakuwa na hakika. Wa pili Bi Nungunungu, mtu wa peke yake, akitembea miiba inasema chaka, chaka, chaka. Wa tatu Ngiri, kapera, mpole, mpana wa nyuma, na pembe mbili mdomoni zimepinda kama mundu. Kodi yao ilikuwa chakula. Mwezi ukiandama, Mama Nguchiro na Ngiri, ambao hutembea mchana, walimwonyesha Bi Muhanga kichuguu chenye mchwa. Bi Nungunungu alimletea matango ya porini, maana mchwa huleta kiu. Bi Muhanga akanenepa, akapendeza.

Jioni walikaa mlangoni wakipunga upepo.

"Mama Nguchiro, wanao wamekula?"

"Wengine wamekula, mama. Wengine sijawaona tangu asubuhi."

Wakacheka wote. Nyumba ile ilikuwa na mapenzi, nawaambia.

Ila Ngiri sasa. Kila mtu aliingia kwa uso, Ngiri aliingia kwa makalio. Kila jioni akifika mlangoni hugeuka, hutazama nje, kisha hurudi nyuma, bu, bu, bu, mpaka chumbani kwake. Mlango unachubuka, udongo unamwagika ukumbini. Bi Muhanga anausawazisha kwa pua. Kesho yake tena, bu, bu, bu. Na kwa kuwa chumba chake kilikuwa cha kwanza, yeye ndiye aliyepitishiwa makalio yale usoni kila siku ya Mungu. Alivumilia, alivumilia, mwishowe akavimba. Akamwita.

"Mwanangu Ngiri."

"Naam, mama."

"Kwenu hamkufundishwa kuingia nyumba za watu?"

"Tulifundishwa, mama. Ndivyo hivi tunavyoingia."

"Makalio mbele?"

"Makalio ndani, mama, pembe nje. Marehemu baba alituambia, mlango usiupe mgongo."

"Na mimi je, nipewe makalio kila jioni? Ukumbi wangu unaisha. Kuanzia kesho mtu aingie kwa uso, kama wenzake. Nyumba hii ni ya nani?"

"Yako, mama."

"Na hapa nani anapanga?"

Ngiri akafikiri kidogo. "Sisi, mama. Ndiyo maana tunaitwa wapangaji."

Mama Nguchiro akaangua kicheko. Bi Nungunungu akatikisika, chaka, chaka, chaka. Bi Muhanga hakucheka. Mimi pia nisingecheka.

"Usinichezee maneno. Hapa ninayepanga ni mimi. Hutaki, mlango ule pale."

Ngiri akautazama mlango. Aliipenda nyumba ile, na watu wake aliwapenda zaidi. Akapiga magoti, kama ngiri wafanyavyo, akasema, "Nimesikia, mama."

Kesho yake jioni akaingia kwa uso. Ukumbi mwembamba, chumba kidogo, hawezi kugeuka. Akalala anatazama ukuta, usingizi haukumjia. Asubuhi akatoka makalio mbele. Watoto wa Nguchiro wakajipanga nje kutazama. "Yanakuja," wakasema, "yanakuja, yamefika." Wakacheka mpaka wakagaragara. Ngiri naye akacheka kidogo, maskini. Bi Muhanga akautazama ukumbi wake, safi, hata punje ya udongo hakuna, akaridhika.

Lakini alikuwapo mwingine aliyekuwa akitazama. Fisi, kule kichakani. Miezi yote aliipita nyumba ile kwa mbali, kwa sababu jioni akichungulia mlangoni aliona pembe mbili na macho mawili. Sasa akichungulia anaona nini? Makalio mawili na kamkia. Akalamba midomo. "Nyumba imeng'olewa meno," akasema, "na aliyeing'oa ni mwenyewe."

Jioni moja wote wamekwisha kurudi, wa mwisho Ngiri. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akaingiza tumbo. Fisi akachomoka kichakani, tifu, tifu, tifu, akamdaka mkia. Nyaku!

Ngiri akalia wiii. Akajivuta mbele, akanasa ukumbini kama kizibo kwenye chupa. Fisi anavuta huku, Ngiri anajibana huku. Ndani vurugu. Mama Nguchiro anawakumbatia wanawe, anahesabu, anakosea, anaanza upya. Bi Nungunungu anatikisa miiba, chaka, chaka, "Nipisheni nimfikie." Hapiti, Ngiri kaziba njia.

"Ngiri, geuka," wakamwambia.

"Siwezi. Hapana nafasi."

"Basi jirushe nje ukimbie, wewe una mbio."

"Kukimbia naweza, na huko nje hanipati," akasema Ngiri, machozi yanamtoka kwa maumivu. "Lakini nikitoka mimi, ataingia yeye."

Hakutoka.

Bi Muhanga alikuwa chumbani kwake, upande wa pili wa ukuta, na alisikia kila neno. Moyo ukamwuma. Akautazama ukuta ule. Nyumba yake ya mwisho, kucha zake za mwisho. Alijua pia kwamba ukuta ukianguka, kilicho wazi mbele ya Fisi ni chumba chake yeye.

Kwaru!

"Mama, unafanya nini?"

Kwaru, kwaru!

"Mama usibomoe, hutaweza kuchimba nyingine."

"Nyamaza, mwanangu. Jiandae kugeuka."

Kwaru, kwaru, ukucha mmoja ukakatika. Kwaru, kwaru, wa pili ukakatika. Akachimba kwa vilivyobaki. Mnasikia watu wakimsifu fulani kwamba kajitoa muhanga? Wasomi watakuwa na maelezo yao. Bibi yangu alisema neno lilianzia ukutani pale, na mimi nitakufa na la bibi yangu.

Ukuta ukaanguka, bwaa. Nafasi ikapatikana. Ngiri akajipinda, akageuka. Nywele za mkia zikabaki mdomoni mwa Fisi. Fisi akafumbua macho, akaona pembe mbili na macho mawili, karibu kuliko alivyopata kuyaona maishani.

"Shikamoo," akasema Fisi.

"Marahaba," akaitika Ngiri, kwa pembe.

Mpaka leo Fisi hajasimulia alipitia njia gani kufika kwao.

Vumbi likatulia. Bi Muhanga amekaa katikati ya kifusi, mikono inavuja damu. Ngiri akaanza kukusanya majani yake ya kulalia.

"Unakwenda wapi?"

"Nimekuvunjia nyumba, mama. Nahama."

"Wewe ulijua ungeweza kukimbia."

"Nilijua."

"Kwa nini hukukimbia?"

Ngiri akainama. "Nyumba ni yako, mama. Lakini hapa ndipo kwangu."

Bi Muhanga akalia. Alilia kama mtoto, haoni haya. Kisha akajifuta kwa sikio lake refu, akauliza, "Ngiri, hapa nani anapanga?"

Ngiri akautazama mlango kwanza.

"Jibu kama ulivyojibu siku ile."

"Sisi, mama."

"Basi pangeni," akasema Bi Muhanga, na safari hii akacheka, akacheka mpaka mbavu zikamwuma. Kichekesho kilimfika kimechelewa, lakini kilimfika.

Wakapanga. Ngiri akachimba kwa pua, Bi Nungunungu akachimba kwa mikono, watoto wa Nguchiro wakasomba udongo nje. Bi Muhanga alikaa mlangoni, kucha zimefungwa majani mabichi, akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Chumba chake wakakijenga upya, kikapungua kidogo, maana pale ukumbini palipobomoka walipaacha papana, mtu apate kugeuka. Na asubuhi udongo ukimwagika, Ngiri mwenyewe ndiye anayeusawazisha. Mkia nao hausahau. Ndiyo maana ngiri akikimbia husimamisha mkia juu, asidakwe tena.

Na kila jioni, jua likizama, Bi Muhanga husikia bu, bu, bu. Hutoa kichwa chumbani, huyatazama yale makalio yanayokuja, husema, "Karibu, mwanangu. Pole na kutwa."

Nayo makalio huitikia, "Ahsante, mama. Nimekwisha poa."

Sasa sikieni mafunzo yake, nayasema wazi asije mtu akasema hakuambiwa. Ukitaka kuwa mwenye nyumba, anza na unayoiweza, kaa humo na watu wako, uwajue. Kuta hazilindi mtu, mtu hulindwa na aliye naye. Mpangishe mwenzio chumba, usimpangie maisha. Anachokifanya kinyumenyume, muulize kwanza sababu.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Bi Muhanga. Anayetoka atoke, anayeingia aingie anavyojua.

Baba Tunu, mawingu yale si ya mchezo. Ingiza pikipiki ukumbini. Ila matope yake kesho utafagia mwenyewe.