Kimya cha Sichana

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Anyamazaye sana si kwamba hana neno. Pengine analo zito, na bado hajapata pa kulitua.

Bi Ulfat alilijua hilo tangu ujana wake, alipokuwa akiunganisha simu Mji Mkongwe. Siku hizo watu walipanga foleni kuzungumza na jamaa zao wa Maskati na Mombasa. Wengi, wakishaunganishwa, walishindwa kusema. Zilisikika pumzi tu. Wenzake walidhani laini imekufa, wakachomoa waya. Yeye alisubiri, na mara sauti ikatoka, "Mama, ni mie." Miaka arubaini imepita, pale alipofanyia kazi pamekuwa duka la vinyago, lakini kila alipozikumbuka pumzi zile moyo wake ulilainika kama halua ya moto.

Baada ya kustaafu alijiunga na mafunzo ya walezi wa kujitolea katika skuli moja ya sekondari ya mjini. Mkufunzi wao alikuwa Ridhwan, kijana aliyemaliza chuo juzi tu. Katika mazoezi, mmoja alijifanya mwanafunzi na mwengine mlezi. Mzee Gharib, karani mstaafu, alimwaga nasaha kama mvua ya masika. Bi Ulfat aliuliza swali moja, kisha akatulia.

"Bi Ulfat, tumekuja kulea watoto, hatukuja kukesha na maiti!" Mzee Gharib alimtania, darasa zima likacheka.

"Cheka tu, Mzee Gharib. Wewe utasikia lini, na mdomo wako haujapoa?"

Siku ya mwisho, mwalimu mkuu, Bi Mwanakheir, aliwaletea kazi ya kweli. Sichana, msichana wa kidato cha nne kutoka kisiwa cha Tumbatu, alikuwa mtoro na hakutaka kusema sababu.

"Orodha ya watahiniwa naifunga saa sita mchana," alisema. "Asipojieleza, jina lake nalitoa."

Alianza Mzee Gharib. Baada ya nusu saa alitoka akijifuta jasho. "Afadhali ukuta," alisema, "unarudisha mwangwi!"

Saa tano na nusu akaingia Bi Ulfat.

"Shikamoo, Bibi," Sichana alisema akiwa ameinamisha kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Kitu gani kinakuzuia siku zile usizokuja?"

Hakuongeza neno. Zikapita dakika tano, zikapita kumi. Ridhwan alichungulia mlangoni akionesha saa yake. Bi Ulfat akatikisa kichwa. Nafasi ya mtoto ilikuwa ikiyeyuka. Hata hivyo, alisikia pumzi za Sichana zikibadilika, akazitambua.

"Wananicheka!"

Sauti ilipasuka kama radi, njiwa wakaruka dirishani. Kwa Kitumbatu kilichochanganyika na kilio, Sichana alisema yote. Tangu siku aliyosimama kusoma mbele ya darasa, wenzake walimwigiza matamshi kila alipopita. Kwa hiyo kila Jumatatu na Jumatano, siku za kusoma kwa sauti, alijificha.

"Lugha ya mama yangu siiachi, Bibi! Lakini nshachoka kuwa kichekesho!"

"Sema, mwanangu. Sema kama msemavyo kwenu."

Nje, Bi Mwanakheir alisikia kila neno. Alifungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole: Jumatatu, Jumatano, Jumatatu, Jumatano. Uso ulimsawijika.

"Somo lile nafundisha mie," alimwambia Ridhwan taratibu. "Na siku ile ya mwanzo, mie nlicheka nao."

Aliingia, akapiga magoti mbele ya mwanafunzi wake. "Nisamehe, Sichana. Jumatatu njoo. Utasoma wewe wa kwanza, na atakayecheka atanijibu mimi."

Sichana alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Ntakuja, mwalimu," alijibu, na safari hii hakuinamisha kichwa. Bi Mwanakheir akaliacha jina lake kwenye orodha, zikiwa zimebaki dakika chache kutimia saa sita.

Mzee Gharib, aliyekuwa amesimama ukumbini muda wote, alimvulia Bi Ulfat kofia. Mtoto aliyedhaniwa hana jibu alikuwa ameitikisa skuli nzima kwa jibu lake. Ama kweli, kimya kingi kina mshindo mkubwa.