Maji ya Miguu ya Mwajabu

Paukwa!

Pakawa!

Njia?

Yangoja miguu!

Basi tulieni. Kila akifika mgeni hapa nyie mwauliza kaja kwa saa ngapi. Zamani njia ya Bukoba hadi Tanga haikupimwa kwa saa. Mwezi uliandama ukitoka kwako, ukaandama tena, nawe hujafika.

Hapo kale, Tanga, alikuwapo Bi Mashavu. Binti yake wa pekee, Mwajabu, aliolewa Bukoba. Kila baada ya mavuno Mwajabu alikuja kumsalimu mamake, na Bi Mashavu alimfuata kwa mdomo: "Leo yuko Biharamulo. Leo yuko Singida. Leo yuko Korogwe." Kisha huweka karai la maji mlangoni, amwoshe miguu kwa mkono wake.

Siku moja Mwajabu akaletewa habari kuwa mama hajiwezi. Akajifunga kibwebwe, akaondoka. Nje ya mji akakuta zimwi limejilaza njiani.

"Mwajabu, niile njia?"

"Niachie njia yangu."

"Mwajabu, niile njia?"

"Mama ananingoja. Nipishe."

"Mwajabu, niile njia? Utafika kabla uji haujapoa. Au wataka kukuta kaburi?"

Hapo moyo ukamlegea. Akasema, "Haya, ile."

Likameza Biharamulo. Likameza Singida. Likameza Korogwe. Kufumba na kufumbua, Mwajabu yuko mlangoni kwa mamake.

Bi Mashavu, amekonda huyo, akajikongoja na karai lake. Akaosha mguu wa kulia, maji meupe. Akaosha wa kushoto, maji meupe.

"Umelala wapi?"

"Sikulala, mama."

"Umekula nini njiani?"

"Sikula."

"Nani kakukaribisha?"

"Sikuonana na mtu."

"Basi we si mwanangu. Mwanangu hata Biharamulo hajafika. Nenda zako, zimwi we. Mimi namngoja, na sifi mpaka afike." Akafunga mlango.

Mwajabu akalia mpaka sauti ikamkauka. Nyuma ya nyumba akalikuta zimwi limelala chali, tumbo limejaa vumbi, linaomba maji. Akateremka pwani, akachota maji ya bahari, akalinywesha. Zimwi la bara, chumvi ya bahari limeijulia wapi? Likatapika Korogwe, likatapika Singida, likatapika Biharamulo, likafa. Njia ikajinyoosha tena, na Mwajabu akajikuta kule kule Bukoba.

Akatembea. Biharamulo akalazwa na mjane mmoja. Singida akapewa asali. Korogwe akapewa machungwa. Njia nzima aliomba Mungu amkute mamake hai.

Akamkuta mlangoni, karai mbele yake. Safari hii maji yakawa mekundu kwa vumbi.

"Umelala wapi?"

Mwajabu akasimulia, mama akilamba asali na kucheka, mpaka njia yote ikaisha. Ndipo Bi Mashavu akamkumbatia, akasema, "Sasa umefika, mwanangu."

Alipona? Alipona, wajukuu zangu. Kwa asali au kwa kungoja, sijui.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Bi Mashavu. Mafunzo yake ni haya: anayekungoja usimpe uso tu, mpe na njia uliyopita. Wazazi wenu siku hizi hushuka kwenye ndege, miguu myeupe, nami sijui niseme leo wako wapi. Lakini karai langu lipo pale mlangoni, na maji nimeshatia.