Mikarafuu ya Vuai

Anayetaka hadithi ya kucheka aende nyumba ya jirani, huko wanazo. Hii yangu ni chungu, na mwisho wake sinao mimi, mnao nyinyi. Kaeni vizuri, nisikilizeni mpaka nimalize, kisha mtagombana wenyewe.

Huko Pemba, katika kijiji nisichokitaja kwa kuwa wenyewe wangali hai, walikuwapo watu watatu na kila mmoja na kipaji chake. Bi Mize alikuwa na mkono wa baraka: alichokifukia ardhini kiliota. Kombo, mwanawe wa kwanza, alikuwa mpandaji: zile karafuu za kileleni ambazo wengine huwaachia ndege, yeye alizishusha. Raya, binti wa jirani, alikuwa na neno: akishasema ndiyo imekuwa ndiyo, hata dunia igeuke.

Wa nne ni Vuai, mwana wa pili wa Bi Mize. Huyu kipaji chake hakijulikani mpaka leo, na hapo ndipo penye hadithi.

Vuai alipozaliwa, Bi Mize alimwita Maalim Sharwani, mtu wa falaki, amtazamie mtoto nyota yake. Maalim akatazama mbingu, akapiga hesabu zake, akatikisa kichwa.

"Huyu kazaliwa na Zohali," akasema. "Ndiyo nyota ya juu kabisa katika zile saba, tena mwendo wake ni wa polepole. Mpaka irudi mahali ilipo leo itapita miaka kama thelathini. Siku hiyo itamkuta mwanao mtu mzima, nayo itamuuliza."

"Itamuuliza nini, Maalim?"

"Kila alichokitia mkono. Kilicho kizima itakiacha, kilicho kibovu itakibomoa."

Maalim akanywa kahawa yake, akaenda zake. Angekaa kidogo akaeleza, labda leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Bi Mize alibaki na mtoto mapajani, akapiga hesabu yake mwenyewe: mtu asiyetia mkono popote ataulizwa nini? Mtoto asipogusa kitu, nyota itapita kama mdai aliyekosea nyumba.

Hivyo ndivyo Vuai alivyolelewa. Hakushika jembe wala panga, hakutumwa dukani, hakuuza wala kununua. Siku moja, angali mdogo, alifukia mbegu za pilipili nyuma ya jiko, na zikaota. Bi Mize alipoziona alizing'oa zote, akamwosha mtoto mikono kwa maji ya kombe, yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini. Hakumwambia mtu yeyote kwamba zilikuwa zimeota.

Lakini mtu hawezi kuishi bila mali, na mama hawezi kulala mwanawe hana kitu. Basi wale watatu wakamchumia.

Ardhi ilitoka kwa Raya. Baba yake alikuwa na shamba lililolala, wala hakuwa na mtoto mwingine. Akamwambia Bi Mize, "Ardhi yangu, miti yenu, na watoto wetu tutawaoza." Kwetu hilo si jambo geni, ardhi yaweza kuwa ya huyu na miti ikawa ya yule, wakaishi kwa salama miaka na miaka. Raya alipopata akili aliulizwa kama ameridhika, akasema ndiyo. Baba akafa, ardhi ikawa yake, na ndiyo yake ikabaki pale pale. Wenzake waliolewa wakazaa, watoto wao wakaja kumwamkia shikamoo shangazi. Waliokuja kumposa aliwarudisha. "Subira huvuta heri," wakamwambia wenzake, na hao waliomwambia walikuwa wakinyonyesha.

Miti ilitoka kwa Bi Mize. Aliupanda mwenyewe kila mche, akautilia kivuli cha mgomba, na mwaka wa ukame akaibebea miche maji kichwani kutoka kisimani mpaka shingo ikapinda. Mume aliyemwoa baada ya kufiwa na baba watoto alimwambia achague, yeye au miche. "Miche ni ya mtoto," akasema Bi Mize, na mume akafunga mzigo wake. Watu wakiuliza mikarafuu hii ya nani, alijibu, "Ya Vuai, lakini hajaigusa."

Karafuu zilishuka kwa Kombo. Kila msimu alichuma kazi ya watu wawili, maana mdogo wake alikuwa chini kivulini, mikono kaikunja. Wakimtajia mke, husema, "Tumalize kwanza ya Vuai." Mkarafuu nao matawi yake hayana imani. Msimu mmoja, Kombo alipokuwa karibu kutimiza miaka thelathini, tawi lilimkatikia kileleni. Nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Tangu siku ile anatembea kwa gongo, wachumaji anawasimamia kwa chini, na akisikia tawi linalia hugeuza uso.

Miaka ikapita na mwaka wenyewe ukafika. Maalim Sharwani, sasa mzee asiyeona vizuri, akasema Zohali imerudi mahali pake. Bi Mize akapika pilau, dua ikasomwa. Msimu ulikuwa mzuri kweli kweli. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba mpaka njia ikakosekana. Watu walipokwisha kula, Vuai akasimama.

"Mama, nyota si imerudi? Si sasa naruhusiwa kutia mkono?"

"Naam, mwanangu. Mikarafuu yako ile."

"Basi naiuza. Yuko tajiri Wete, tumeshazungumza. Nikishaiuza nakwenda zangu Unguja."

Raya alikuwa jikoni akipakua. Akatoka na upawa mkononi. "Na mimi, Vuai?"

"Wewe sikukuposa mimi, Raya. Alikuposa mama. Mimi hata posa sikuigusa."

Wallahi ningekuwapo ningemzaba kofi. Lakini neno lake halikuwa la uongo, na hilo ndilo linaloniudhi.

Wageni walipoona mambo yamechacha wakaaga mmoja mmoja. Wakabaki wale wanne na Maalim Sharwani, ambaye hakuwa na mtu wa kumshika mkono.

"Hauzi mtu hapa," akasema Bi Mize. "Desturi yetu, mwenye mti ni aliyeupanda. Niliipanda mimi, nikampa mtoto kwa mdomo, na kwa mdomo huu huu namnyang'anya."

"Mama, mkarafuu usiochumwa ni kuni," akasema Kombo. "Nyonga yangu ilibaki kule juu. Nirudishieni, kisha muichukue mikarafuu yenu."

"Na miti yenu imesimama kwenye ardhi yangu," akasema Raya. "Kama hakuna ndoa, hakuna ardhi. Ing'oeni muondoke nayo."

Vuai akacheka, kicheko kisicho na raha. "Nyinyi mnadaiana mlivyotoa. Angalau mlikuwa na cha kutoa. Mimi mlinikunja mikono tangu nikiwa mchanga, na kila nikiulizwa kazi yangu naona haya. Mama, zile pilipili niliziona zimeota kabla hujaziona wewe. Nimenyamaza miaka yote nikingoja uniambie."

Bi Mize akajifunika uso kwa kanga.

"Maalim," akasema Kombo, "neno lilitoka kwako. Amua wewe."

"Mimi sikusema asiguse kitu," Maalim akajibu. "Nilisema ataulizwa. Zohali haimpi mtu wala haimnyimi, huja kukagua. Asiyefanya kitu nayo humuuliza kwa nini hakufanya."

"Mbona hukutwambia?"

"Hamkurudi kuniuliza."

Ndivyo walivyo wajuzi wetu. Miaka yote hiyo alipita mbele ya nyumba ile akienda msikitini, akamwona kijana kakaa na mikono yake mapajani, akaitikia salamu, akapita.

Raya akautazama upawa wake kama hajui umefikaje mkononi. "Zohali ya Vuai, Zohali ya Vuai," akasema. "Maalim, mimi na Vuai si tulizaliwa mwezi mmoja? Basi leo imenirudia na mimi. Kombo alipoanguka si alikuwa na umri huu huu? Na mama Mize, wewe imeshakurudia mara ya pili. Sisi nani alitutazamia? Nani alitupikia pilau?"

Na kabla mtu hajapata la kusema, mvua ikaanza, matone makubwa makubwa.

Karafuu iliyokuwa imeshaanza kukauka ikinyeshewa jamvini imeharibika, kila mtoto wa Pemba anajua hilo. Kombo akapapasa akilitafuta gongo lake. Bi Mize akainama, shingo ikamgomea. Raya akasimama pale pale na upawa wake, hakusogea hata hatua. Wote wakamgeukia Vuai, maana ndiye aliyekuwa na viungo vizima.

Vuai akakimbia. Akaliinamia jamvi la kwanza, akashika pembe yake, akaivuta, karafuu zikamwagika topeni. Akaiachia. Akashika pembe nyingine. Kisha akasimama kwenye mvua akawatazama, kwa sababu hakujua jamvi linakunjwaje. Na katika watu wote wale waliompenda, hakuna aliyefungua mdomo kumwelekeza. Karafuu zikalowa zote.

Hadithi yangu imekomea hapo, wala sikufichieni kitu. Miti ingali imesimama, na mwaka ujao itazaa tena. Wako wasemao ni ya Bi Mize, maana bila yeye pangekuwa pori. Wako wasemao ni ya Kombo, maana karafuu ya juu si mali ya mtu mpaka ishuke. Wako wasemao Raya, aliyetoa ardhi na juu ya ardhi akatoa ujana. Na wako wachache, nao si wajinga, wasemao apewe Vuai, maana katika wote ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kuulizwa anataka nini.

Nimeisimulia kwa watu wengi, na nimeona kwamba anayejibu haraka humpa yule anayefanana naye. Kwa hiyo jibu polepole. Hesabu kwanza umri wako, utazame mikono yako, kisha uniambie: wewe ungempa nani mikarafuu ile?